Mwaka Niliomnyonyesha Mtoto wa Salma

Mtoto wangu alipitishwa mbele yangu amefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kijani cha hospitali, na hakuna aliyeniambia kama ni wa kike au wa kiume. Nilikuwa nimelala chali, miguu haina nguvu, mdomoni bado nimeuma pindo la leso nililolishika kwa meno tangu alfajiri. Aliyembeba ni Sista Redempta, mkunga wa zamu. Alimbeba kwa mkono mmoja, ubavuni, kama mtu anayetoka kumwaga maji ya kuoshea vyombo, na mkono wa pili alikuwa anajifuta jasho la shingo. Nikamwambia, "Sista, nionyeshe." Hakusimama. Alisema huku anakwenda, "Pumzika mama, utapata mwingine." Sikupata mwingine. Kando yangu, kitanda kilicho karibu hata ningeweza kukigusa, Salma alikuwa analia na kucheka kwa pamoja kwa sababu binti yake ametoka na sauti, na mkunga wa pili alikuwa anamfunga yule mtoto kwa taulo jeupe na kumwambia, "Tazama mama, tazama vidole." Na mimi nikatazama. Hata leo nikifumba macho, vidole ninavyoviona ni vya mtoto wa Salma.

Salma amekufa mwezi uliopita. Sukari ilimla mguu kwanza, halafu figo. Nilikwenda matangani kwao Malindi, kwenye nyumba ileile ya ghorofa moja nilikokaa mwaka mzima nikiwa msichana ambaye ziwa linavuja na mikono haina wa kubeba. Nilipofika mlangoni nikaona viatu vya wanawake vimejaa kizingitini mpaka vimemwagika barazani, na roho ikaniuma. Sisemi niliumwa kwa msiba. Niliumwa kwa vile hata kufa kwake kumepata watu. Mimi nilipoteza mtu na nikapewa vidonge vya maumivu, sita, kwenye kikaratasi. Na huko matangani nilimkuta Sista Redempta mwenyewe, mzee sasa, ameketi. Nitafika hapo. Kwanza nieleze ule mwaka, maana watu wa nyumba ile wanausimulia kwa namna yao, na mimi katika masimulizi yao ni yaya tu.

Hospitali siitaji. Imepakwa rangi nyingine na waliopo leo hawakuwepo. Ila wadi ya leba naikumbuka ukuta kwa ukuta. Vitanda vilikuwa vichache, mimi nilikuwa cha dirishani, Salma akawa wa pili yangu. Tuliingia asubuhi moja. Tulikuwa umri mmoja, mimba ya kwanza wote wawili, na mtu akituvua nguo zetu akatufunika nyuso asingejua nani ni nani isipokuwa kwa rangi. Yeye mweupe, nywele zimelala, mtoto wa Kiarabu wa mjini. Mimi Kadzo, Mgiriama kutoka ndani, Kiswahili changu kina lafudhi ya nyumbani, na kiunoni nina hirizi yangu ya kamba nyeusi niliyofungwa mimba ilipoanza kusumbua. Sista Redempta, ambaye alikuja kutoka bara na pwani alikuwa hajaizoea, aliivuta ile kamba kwa kidole kimoja akasema, "Na uchawi umekuja nao? Haya, basi ukuzalishe." Salma alikuwa na hirizi mkononi, ya ngozi, imeshonewa maandishi. Ile hakuigusa. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Hiyo ya Mwarabu iache, ni mambo ya dini yao." Nikajiuliza, na sijaacha kujiuliza, nani aliyempa kipimo cha kujua ipi ni dini na ipi ni uchawi.

Sasa kosa lililomuua mwanangu ni hili. Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa hapigi kelele. Shangazi yangu Nyevu alinifunza mapema: tia leso mdomoni, uma, tazama mahali pamoja. Ukipiga kelele watu watakutaja miaka na miaka, Kadzo yule aliyelia mpaka mbuzi wakakata kamba. Basi niliuma. Na Salma, kwa upande wake, alilia kwa kila kitu alichokuwa nacho. Alimwita Mungu, akamwita mama yake, akamtukana mumewe, na kila akilia Sista Redempta anakuja. Anamshika tumbo, anaweka kile kibomba cha kusikilizia moyo wa mtoto, anamwambia, "Pole mpenzi, karibu, karibu." Kwangu kile kibomba kilifika mara moja tu. Mkunga wa pili, mtoto mdogo wa shule tu, aliwahi kumuuliza, "Huyu wa dirishani je? Naona muda umekwenda." Sista akajibu na wala hakushusha sauti. "Huyo bado. Hawa wa ndani ndani hawasikii uchungu kama sisi. Wanazalia shambani, wanafunga kuni, wanarudi nyumbani nazo. Akiwa tayari utamwona."

Nilisikia kila neno. Kiswahili nilikuwa nakisikia vizuri kuliko nilivyokisema. Niliwaza, nikilia sasa atakuja, na nikaona haya kulia, na uchungu ukanipanda mpaka machoni, na bado nikaona haya. Nilimwonea Salma wivu hapo kwanza, kabla mtoto hajafa, kabla ya yote. Niliona wivu kwa ile sauti. Nikadhani ni mali aliyozaliwa nayo, kama nywele.

Mume wangu Charo alikuwa kwenye mashamba ya chumvi, Marereni. Alipopata habari na kufika, amevimba midomo kwa jua na chumvi, aliomba mwili wa mtoto tukamzike. Kwetu mtoto wa namna hiyo huzikwa na wanawake wazee, karibu na nyumba, si mbali na mama. Sista Redempta alimwambia mlangoni, "Hiyo imeshashughulikiwa." Charo akauliza, "Alikuwa nani?" maana jina linategemea hapo. Mtoto wa kwanza akiwa wa kiume ni Kahindi, jina la babake Charo. Akiwa wa kike ni Mbeyu, jina la mavyaa wangu, mamake Charo. Jina linamngoja mtoto, na akilipokea amelipokea, awe hai asiwe hai. Sista alimtazama kama mtu anayeulizwa kuhusu kuku. "Mzee, nina wagonjwa hapa." Charo alikuwa na miaka ishirini na kitu. Mzee.

Salma alishikwa na homa siku ya pili. Titi moja lilifanya jipu, la pili likakauka, na mtoto akawa analia kwa sauti nyembamba. Mama mkwe wake, Bi Zuhura, mwanamke mnene wa buibui la hariri ambaye manukato yake yalifika kabla yake, alisimama kati ya vitanda viwili akatazama gauni langu lililolowa kifuani. Akamwambia sista, si mimi, "Huyu ana maziwa na hana mtoto." Sista akasema, "Chukueni, Bi Zuhura, atafurahi kupata chakula." Walikwenda kuzungumza na mavyaa wangu na Charo, na nadhani Charo alikubali kwa sababu alifikiri nikishika mtoto nitapona. Mimi nilikwenda kwa sababu kifua kiliniuma. Hiyo ndiyo sababu yote. Kiliniuma kama majipu kumi, na alikuwepo mdomo.

Chumba nilichopewa kilikuwa chini, nyuma ya jiko, kina dirisha la nondo linalotazama ua na kisima. Kitanda cha kamba, godoro la sufi, na chandarua kipya, wala sitakataa kwamba kilikuwa kipya. Chakula sitakidharau pia. Asubuhi uji wa pilipili manga, ule wanaopewa wazazi wa mjini, na mahamri na mbaazi. Mchana wali na samaki wa kupaka. Jioni supu ya kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu. Bi Zuhura alisimama kuangalia nimemaliza. "Kula, Kadzo, kula. Ng'ombe wa Mariakani hawapati haya." Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, maana mtu mwenye njaa hucheka na anayemlisha. Ila kikombe changu kilikuwa cha bati, kinakaa peke yake dirishani, na siku mtoto wa jirani alipokinywea maji, kikachukuliwa na kusuguliwa kwa majivu. Sikujua kama kilisuguliwa kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yangu.

Na walikuwa na shida moja ambayo iliwasumbua kuliko homa ya Salma. Kwao mtoto akinyonya kwa mwanamke, mwanamke huyo ni mama yake, na watoto wake ni ndugu. Bi Zuhura alilijua hilo na hakutaka mjukuu wake awe na mama wa Kinyika. Neno hilo alilitumia, Mnyika, nyuma ya pazia, mimi nikiwa jikoni natwanga kitunguu saumu. "Asimtie titi mdomoni," akasema. "Akamue kwenye bakuli, tumpe kwa kijiko. Kijiko hakileti undugu." Basi nikawa nakamua. Nakaa ukumbini na bakuli mapajani kama mtu anayemenya njegere, namsikia mtoto analia juu, na maziwa yanatoka kwa kile kilio, halafu kijakazi anayapandisha. Wiki kadhaa tulikwenda hivyo. Ikafika siku Maalim wa chuo cha Kurani alikuja kuwasomea, akapewa chai, na Salma, ambaye alikuwa ameanza kuketi, akamuuliza tu kwa mazungumzo. Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia ya tende. Maalim akasema, "Titi, kikombe, kijiko, yote moja, mwanangu. Maadamu yamefika tumboni, na yamefika mara tano, huyo ni mama yake wa kunyonya." Nilisikia bangili za Bi Zuhura zikigongana. Halafu akasema, "Maalim, chai inapoa."

Kesho yake akaniita juu kwa mara ya kwanza. "Shikamoo, Bi," nikasema. "Marahaba. Haya, mnyonyeshe mwenyewe basi. Tunajichosha bure kuosha vijiko." Ndivyo nilivyowekewa Munira mikononi. Alishika titi kama mtu aliyekuwa ananidai. Na pale chumbani kwa Salma, kwenye kitanda cha besera chenye shuka za maua, nikaanza kuonja wivu wa aina nyingine, ule wa karibu. Nilimpenda yule mtoto, na kila nilivyompenda nilimchukia mama yake, na mama yake hakuwa amenifanyia lolote. Alikuwa anaongea nami kama mwenzake. Alinipa kanga zake. Alilala ubavu akaniuliza, "Kadzo, kwenu mnapika nini?" na nikimwambia sima na mboga ya mchicha na tsafe, anacheka, "Niletee siku moja." Niliona wivu kwa namna mumewe alivyobisha hodi kabla ya kuingia chumba chake mwenyewe. Niliona wivu kwa kovu la jipu lake, maana daktari alikuja mpaka nyumbani kulitazama, na mimi nilikuwa natokwa na damu mbaya miezi mitatu na niliambiwa ninywe maji. Salma alimwambia Bi Zuhura, "Mama, na Kadzo aonwe." Bi Zuhura akasema, "Hawa wana miili migumu." Mwarabu wa mjini na sista wa bara hawakupatana kwa jambo lolote, Bi Zuhura alimwita yule sista mtu wa bara kila sista alipompa kisogo, lakini kuhusu mwili wangu walipatana.

Sista Redempta alialikwa arubaini ya Munira. Alikuja amevaa gauni la kanisani, akapewa mgongo wa kuku na kiti chenye mto. Mimi nilikuwa napitisha maji ya kunawa. Nilipofika kwake nikamwinulia birika, nikamwagia mikono ileile, nikasema kwa sauti ya chini, "Sista, mtoto wangu alikuwa wa kike au wa kiume?" Alinitazama vizuri, na naona alijaribu kweli. "Mtoto yupi?" Nikamwambia, nilikuwa kitanda cha dirishani, siku hiyohiyo, pamoja na Salma. Akatikisa kichwa. "Mama, kwangu wamezaliwa wengi. Huyu Salma namkumbuka, alituziba wote masikio." Wanawake wakacheka, Salma naye akacheka, akaficha uso. "Wewe labda hata hukulia. Nitakukumbukaje?" Akachukua taulo begani mwangu akajifuta.

Munira alianza kusimama akishika ukuta wa ukumbi. Karibu na hapo, alasiri moja, Salma alikuwa na mgeni, binti ya ami yake kutoka Lamu, wanakunywa sharubati juu. Mimi nilikuwa ngazini na mtoto kiunoni. Nikamsikia Salma anasema, "Mimi nilimwona, wallahi. Kitambaa kiliteleza. Kichwa kilikuwa na nywele nyingi, nyeusi, mpaka shingoni. Nalala naziona." Yule mgeni akauliza, "Na yeye anajua?" Salma akasema, "Mama mkwe amenikataza. Anasema huzuni itakausha maziwa."

Nikapanda. Nilimweka Munira katikati ya kitanda nikamwambia Salma, "Ulimwona." Sijawahi kumwona mtu akigeuka rangi namna ile, weupe wote ulikwenda kwenye midomo. Akasema, "Kadzo, kaa." Nikasema sikai. "Alikuwa wa kike au wa kiume?" Akaanza kulia, kwa ile sauti yake, na watu wakaja mbio kutoka chini kumuuliza ana nini. Katikati ya wote hao akanijibu kwamba hakuona zaidi ya kichwa, kitambaa kilirudishwa upesi, sista ndiye aliyemwona mwili mzima. Namwamini. Lakini zile nywele zilikuwa zangu. Alizikalia mwaka mzima, na mimi namnyonyesha mwanawe mara sita kwa siku, ili maziwa yasikauke. Bi Zuhura aliingia akasema, "Nani kamliza?" Hakuna aliyeuliza nani kaniliza mimi. Mimi sikuwa nalia. Niliondoka kabla ya magharibi, na sauti ya Munira ilinifuata mpaka kwa fundi cherehani, hapo kona ndipo ikakatika.

Mimba haikushika tena. Charo alioa mwingine, na sikumlaumu kwa mdomo. Mke mwenzangu alipozaa mtoto wa kiume, mavyaa alikuja kwangu, akaketi, akaniuliza kwa upole kuliko alivyowahi kuniuliza kitu, "Kadzo, tumpe Kahindi, au Kahindi ameshakwenda?" Uwanja mzima ulikuwa unaningoja mimi. Nikasema mpeni. Yule mtoto ni mtu mzima sasa na mwema kwangu, na kila akiitwa Kahindi kuna sehemu yangu inainua kichwa kuangalia kama ni wawili watakaoitika.

Sasa matangani. Mpwa wa Salma alinipokea vizuri, akasema, "Mama Kadzo, pole, hebu tusaidie jikoni," na nikaenda jikoni, maana miguu ilijua njia. Nilipanda na sinia ya kahawa. Sista Redempta alikuwa juu ya godoro, amejitupia leso kichwani, kando ya Munira. Salma hakumsahau, kila Idi alimwita kutoka Mariakani anakokaa na mwanawe. Munira, ambaye sasa ana watoto wawili na miwani, alikuwa anawaambia wanawake, "Huyu ndiye aliyenizalisha mimi." Aliponiona akanishika mkono kwa mapenzi, nasema kweli, akasema, "Na huyu ni Mama Kadzo, alitulea." Alitulea. Maalim alisema neno jingine, na waliolisikia wamekufa wote isipokuwa mimi.

Niliweka sinia chini. Nikasema, "Sista, siku uliyomzalisha huyu ulimtoa na mwingine. Alikuwa na nywele mpaka shingoni." Msomaji wa Kurani akapunguza sauti. Sista akavuta leso yake. "Mama, mimi nimestaafu," akasema. Munira akanigusa bega. "Mama Kadzo, si leo. Leo ni siku ya mama."

Nikashuka. Lakini nimekaa tangu siku hiyo na hilo neno, si leo, na siwezi kulimeza. Munira, damu yako ni ya watu wengi lakini mifupa yako imejengwa na mimi. Nitajie basi siku ambayo itakuwa yangu, nije nimevaa. Na wewe Sista Redempta, uko Mariakani, unapumua, mwanao anakuletea chai. Ulipita kitandani kwangu kwa sababu sikulia. Ukanisahau kwa sababu sikulia. Haya, sasa nalia, na nimelitaja jina lako mbele ya watu ili usiseme hukusikia. Sitaki pole. Nataka useme ni nani aliyekufunza kwamba sisi hatuumwi, na kwa nini ulimwamini yeye badala ya kuniuliza mimi niliyelala pale. Na kabla hujafa kama Salma alivyokufa, niambie: mtoto uliyembeba ubavuni alikuwa Kahindi au alikuwa Mbeyu, na mlimlaza wapi?